Ukimwambia "pick me", ana haki ya kuuliza: kati ya akina nani?

IKIWA una mtoto katika shule ya chekechea, bila shaka umewahi kuletewa barua fupi iliyokunjwa na kutiwa ndani ya begi lake, kando ya chupa ya uji. Barua za namna hii huandikwa kwa Kiingereza, na aghalabu huwa na sentensi inayofanana na hii: "Parents should come and pick their children at 3 p.m." Wewe ukaisoma, ukaielewa, ukafika saa tisa, ukamshika mtoto mkono, mkaenda zenu nyumbani.

Sasa hebu mpe barua hiyo hiyo mtu aliyezaliwa na kulelewa London. Picha itakayomjia akilini ni nyingine kabisa. Atawaona watoto wamepangwa foleni uwanjani, nao wazazi wanapita mbele yao wakimtazama huyu na yule, kama mama anayechagua nyanya pale Marikiti, hadi kila mmoja atakapompata wa kumpendeza. Kwani "pick" ikiwa peke yake, na wanaozungumziwa wakiwa ni watu, maana yake ni kuchagua. Kumwendea mtoto shuleni ili umlete nyumbani ni "pick up".

Utasema, ala! Tofauti ni herufi mbili tu, na kila mtu ameelewa, basi makelele ya nini? Naam, hapa kwetu kila mtu ameelewa. Lakini lugha hii ndiyo inayotumiwa kuwatahini watoto wetu, ndiyo inayosikizwa siku ya mahojiano ya kazi, na ndiyo anayoandikiwa mgeni anayetarajiwa uwanja wa ndege. Tena, kama utakavyoona hapa chini, herufi hizo mbili zaweza kumletea binti yako sifa asiyoistahili.

Kijineno chenye kazi kubwa

Kiingereza kina vitenzi vya maneno mawili, ambavyo walimu huviita "phrasal verbs". Huchukuliwa kitenzi cha kawaida kama "pick", "put", "look" au "give", kikabandikwa kijineno kama "up", "off", "after" au "in", na hapo huzaliwa kitenzi kipya ambacho maana yake huwezi kuipata kwa kujumlisha maneno hayo mawili. "Give" ni kutoa na "up" ni juu, lakini "give up" si kutoa juu. Ni kukata tamaa, au kuacha jambo kama vile uvutaji sigara.

Usiwacheke Waingereza kwa jambo hili, kwani nasi tunalo letu. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili na anayeambiwa kwamba "piga" ni kumchapa mtu. Kesho yake anasikia watu wanapiga simu, wanapiga picha, wanapiga mswaki, wanapiga deki, wanapiga hodi, wanapiga magoti na wanapiga kura. Hakuna aliyechapwa hata mmoja! Maskini mgeni hana budi kuyameza maneno hayo mawili mawili, kama vile watoto wetu wanavyotakiwa kuvimeza vitenzi vya Kiingereza.

Na angalia jambo moja. Katika maneno hayo ya Kiswahili, hakuna anayethubutu kuliacha neno la pili. Mwambie msaidizi wako wa nyumbani, "Lipige shati langu," usitaje pasi, halafu uone atakavyokutazama. Wakati mwingine hata si neno zima linalogeuza maana bali ni silabi moja. Ukisema "funga mlango" badala ya "fungua mlango", mgeni wako atalala nje. Hiyo sauti ya "u" inayoingia katika "fungua", "zibua" na "kunjua" ina kazi kubwa, na hakuna mtoto wa miaka mitatu anayeisahau. Iweje basi tuisahau "up" ya Waingereza?

Kwa maoni yangu sababu ni hii. Kiswahili kina neno moja kwa jambo hilo: "nichukue saa kumi", au vizuri zaidi, "nipitie saa kumi". Basi nasi tunapotafuta Kiingereza chake, tunatafuta neno moja la kulipia neno moja, na "pick" ndilo lililo karibu. Isitoshe, kila mtu hulisema hivyo. Mwalimu hulisema, kondakta hulisema, na vijana wameshalivalisha nguo ya Kiswahili, wakawa wanasema "nipick saa kumi". Hata mabango ya barabarani jijini Nairobi yanawakataza wenye matatu kwa maneno "No picking or dropping of passengers". Haki itendeke lakini: hiyo "drop" haina kosa. Unaweza kusema "drop me at the stage" na Mwingereza asikunje uso, kwa kuwa hapo "off" si lazima. Ni "pick" iliyovuliwa nguo.

Wataalamu wa lugha walioandika kuhusu Kiingereza cha Afrika Mashariki wamekuwa wakilitaja jambo hili kwa miaka mingi kuwa mojawapo ya alama zetu, kama vile lafudhi. Wapo wanaosema kwamba hilo si kosa tena, ni Kiingereza chetu. Mimi sina ugomvi nao tukiwa kwenye matatu au tukipigiana soga. Lakini mwanafunzi ajue kuna nguo ya nyumbani na nguo ya kuendea mahojiano.

Kuchuma, kudonoa na kuchokoza

Kabla hatujaibandika "up", tutazame kwanza "pick" yenyewe inafanya nini ikiwa peke yake. Kocha anayetangaza kikosi cha Harambee Stars "picks" wachezaji, yaani anawachagua. Wafanyakazi wanaovuna majani chai Kericho au kahawa Kiambu pia "pick", maana yake wanachuma. Mtoto anayejitia kidole puani mbele ya wageni naye "picks" pua lake, jambo ambalo kila mama analijua. Mwizi akifungua kufuli kwa waya, neno ni hilo hilo, na yule anayechomoa pochi kwenye msongamano ni "pickpocket". Ukimtafuta mtu ugomvi bila sababu, umechuma ugomvi: "pick a quarrel". Na sululu ya kuchimbia mtaro pia huitwa "pick", lakini hiyo ni habari nyingine.

Ukitazama vizuri, karibu yote hayo ni kazi ya ncha ya kidole, mdomo wa ndege au kifaa chenye ncha: kudonoa, kuchokonoa, kutenga kimoja kutoka kwa vingi. Hakuna hata mahali pamoja unapobebwa na gari. Ndiyo maana msichana anayemwandikia mwenzake "Please pick me at four" amemwomba amchague saa kumi. Mwenzake ana haki ya kuuliza: nikuchague kati ya akina nani?

Sasa tia "up"

Ukiitia hiyo "up", maana ya kwanza ni ile iliyo wazi, kukiinua kitu kutoka chini. Kalamu imeanguka, iokote: "pick it up". Kutoka hapo maana huanza kutembea. Simu ya zamani ya mezani ilikuwa na mkono uliolazwa juu yake, na ilipolia uliuinua. Hivyo kupokea simu kukawa "pick up". Leo simu iko mfukoni na hakuna cha kuinua, lakini neno limebaki. Kwa hiyo ukitaka kulalamika kwamba mtu hapokei simu yako, usiseme "He is not picking my calls" kama tulivyozoea. Anayesikia atadhani jamaa anazichambua simu zako moja baada ya nyingine. Sema "He is not picking up", au kama wataka kuzitaja simu zenyewe, "He is not answering my calls".

Maana ya pili ndiyo ile ya kumpitia mtu au kitu. Gari humpitia mtoto shuleni, wewe hupitia dukani ukachukua mkate, dereva wa hoteli humpokea mtalii uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Zote hizo ni "pick up". Fikiria kijana aliyemaliza masomo ya utalii na anamwandikia mgeni: "I will pick you at the airport." Mgeni hatapotea, ataelewa. Lakini meneja anayesoma nakala ya barua hiyo pepe naye ana jicho, na pengine kuna vijana wengine wanne wanaoitaka kazi hiyo hiyo.

Halafu kuna mambo unayoyapata bila kuyatafuta. Mtoto wa Eastlands anayecheza kabumbu na majirani wa makabila matano hupata maneno ya kila lugha bila kuketi darasani. Kwa Kiingereza utasema "he picked up the language". Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakutana, kwani nasi husema mtu ana Kifaransa cha kuokotaokota. Vivyo hivyo mtu huweza kuokota mafua kwenye matatu iliyofungwa madirisha. Redio nayo "picks up" mawimbi, yaani inayanasa, kama wanavyojua wale waliokuwa wakizungusha kisahani cha redio usiku kutafuta idhaa za mbali.

Wafanyabiashara wana yao. Biashara iliyokuwa imelala Januari, wazazi wakilipa karo, ikianza kuchangamka husemwa "business is picking up". Upepo ukizidi, au gari likiongeza kasi likiteremka mteremko wa Mai Mahiu, ni neno hilo hilo. Na hii ni vyema uijue kabla hujaalikwa hotelini: mwenzako akisema "I'll pick up the bill", hamaanishi kwamba ataiendea ile karatasi ya hesabu kaunta akuletee ulipe wewe. Anamaanisha atalipa yeye. Kula kwa raha zako.

Binti kuokotwa

Ipo maana moja ambayo wazazi na wasichana wafaa kuijua. Mwanamume akikutana na mwanamke asiyemjua, kwenye baa, disko au kando ya barabara, akamrushia maneno kwa nia ya kwenda naye, Waingereza husema amem-"pick up". Maneno anayotumia mwanamume huyo kumchombeza huitwa "pick-up line". Kiswahili hakikosi chake, kwani watu wakitaka kumdharau mke wa mtu huuliza, "Huyu alimwokota wapi?"

Basi tuseme msichana amepewa lifti na jirani, mtu mzima mwenye heshima zake, mvua ikinyesha. Kesho anaisimulia kwa Kiingereza: "A man picked me up on the road last night." Hakukosea sarufi hata kidogo. Lakini wanaomsikiliza watatazamana. Sentensi hiyo yabeba maana zote mbili, na anayesikia ndiye atakayejichagulia. Afadhali aseme "Our neighbour gave me a lift", na mambo yakaishia hapo. Ukishataja jirani, au mama, au basi la shule, kile kivuli kibaya huondoka. "My father picked me up" haina neno. Ni "a man" na "last night" zinazoleta balaa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa msichana si aiogope "up" hiyo na kurudi kwenye "pick" tupu. Amtaje tu aliyempitia, na mahali alipompitia.

Kuchukuliwa usiku

Maana nyingine haina kicheko hata kidogo. Polisi wakimchukua mtu, Kiingereza husema "he was picked up". Linganisha na "arrested", ambalo ni neno la rasmi, lenye harufu ya mahakama na kitabu cha kuandikisha washukiwa kituoni. "Picked up" halina karatasi. Linasema tu kwamba mtu alikuwa hapa na sasa hayupo, na wenye gari ndio wanaojua alikopelekwa.

Wazazi waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Mnamo 1986, serikali ilipowasaka waliodaiwa kuwa wanachama wa kundi la Mwakenya, wahadhiri, wanafunzi wa vyuo vikuu na wanahabari walichukuliwa makazini na majumbani mwao, na wengi wao wakazuiliwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Jumba la Nyayo, katikati ya jiji la Nairobi. Vyumba hivyo vilifunguliwa ili umma uvione mwaka 2003. Mke aliyeulizwa na majirani mumewe yuko wapi hakusema "amekamatwa", kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha hati wala kumtajia kosa. Alisema "wamemchukua". Hiyo ndiyo "picked up", na sijui kamusi inayoweza kuieleza vizuri kuliko yeye. Mwanafunzi akiikuta katika riwaya au gazeti, asiipite mbio akidhani mtu alipewa lifti.

Pikapu nayo ilitoka hapo

Kutoka kwa kitenzi hicho tumepata jina ambalo hata nyanya yangu asiyejua Kiingereza analitumia kila siku ya soko: pikapu. Kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza mwaka 1925 gari la Model T lililoundwa kiwandani likiwa na sanduku la nyuma la kubebea mizigo, nalo likatangazwa kwa jina hilo la "pick-up". Kwetu pikapu zimebeba kila kitu. Peugeot 504 zilizojengwa mabati na mabenchi nyuma zilikuwa matatu, abiria wakiketi wakitazamana magoti kwa magoti. Hilux za miraa kutoka Maua bado zinawatia watu hofu barabarani. (Pikipiki haimo katika ukoo huu, usije ukadanganywa. Hiyo ilipewa jina kwa mlio wa injini yake.)

Jina na kitenzi havitamkwi sawa, wala haviandikwi sawa. Ukitaja gari, Mwingereza hukaza sauti mwanzoni, kwenye "pick". Ukitaja kitendo, hukaza mwishoni, kwenye "up". Sisi tumekaza katikati, pi-KA-pu, kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na gari likishaingia nyumbani mwetu hufuata sheria zetu. Katika maandishi, gari ni "pickup" au "pick-up", lakini kitenzi ni maneno mawili yaliyoachana. Mwanafunzi anayeandika "I will pickup my sister" amempakia dada yake kwenye kamusi, si kwenye gari.

Kwenye karatasi ya mtihani

Wanafunzi wa KCSE wanajua kwamba Karatasi ya Pili ya Kiingereza huishia na swali la sarufi lenye alama 15, na kwamba humo hupenda kujitokeza vipengee vinavyomtaka mtahiniwa aondoe neno lililopigiwa mstari na kuweka kitenzi cha maneno mawili mahali pake. Ukipewa sentensi kwamba uchumi "improved" baada ya ukame, jibu laweza kuwa "picked up". Angalia wakati wa kitenzi: swali likiwa la wakati uliopita, ukiandika "pick up" bila "ed" umeitupa alama uliyokuwa umeishika mkononi.

Mtego mwingine ni mahali pa kuiweka "up". Jina la kawaida laweza kukaa nyuma au mbele yake. "Pick up the child" ni sawa, na "pick the child up" ni sawa. Lakini kiwakilishi, yaani "him", "her", "it" au "them", lazima kiingie katikati: "pick him up". "Pick up him" haikubaliki kamwe, hata ukiisema kwa sauti ya upole. Njia rahisi ya kukumbuka ni kujisemea sentensi kwa sauti nyumbani mara kumi, ukibadilisha jina kwa kiwakilishi, hadi sikio lenyewe likatae ile mbovu.

Usizichanganye pia na ndugu zake. "Pick on" ni kumwonea mtu, kama vile wale wa kidato cha nne walivyokuwa wakimwandama mgeni wa kidato cha kwanza. "Pick out" ni kumtambua mmoja kati ya wengi, kama shahidi anavyofanya kwenye gwaride la utambulisho. "Pick at" ni kudonoadonoa chakula bila hamu, jambo ambalo mama yeyote wa Kiafrika hulichukulia kuwa ni tusi kwa mpishi.

Na kama unajiuliza ile "up" tuliyoipokonya "pick" ilikwenda wapi, itafute kwenye "cope". Wanasiasa, walimu na watangazaji wetu wanasema kila siku "we must cope up with the situation". Kiingereza sanifu hakina "cope up". Ni "cope with" tu, kumudu jambo. Ichukue "up" hiyo huko uirudishe kwenye barua ya chekechea.